Kubazi la Kushoto la Nana Dankyi

Mwalimu Amoateng amekuja kwangu mara nne. Mara ya kwanza nilimwambia naumwa goti. Mara ya pili nilimwambia naumwa jino, naye anajua fika kwamba sina hata moja. Mara ya tatu sikumwambia kitu, nilimfungulia mbwa. Jana kaja na kalamu na daftari, akaviweka juu ya jiwe langu la kusagia pilipili, akasema, "Nana Birago, basi andika mwenyewe, maana ukisimulia unasema napotosha." Kalamu yenyewe sasa inawasha vidole. Mwanamke wa umri wangu alistahili kuachwa aote jua kwa amani.

Tena asidhani sijui anachokitaka. Anataka habari ya Nana Dankyi, maana kwetu wakubwa wote huitwa Nana, huyu aliyekuwa mtawala wetu hapa Bepoase, aiingize katika kitabu cha mji. Na anataka kubazi. Kubazi liko hapa jikoni kwangu, limening'inia juu ya moshi, la mguu wa kushoto, ngozi imekauka kama samaki wa mwaka jana. Habari nitatoa. Kubazi sitoi.

Ukoo wa Dankyi umeinuka. Wanataka kigoda chake kipakwe masizi na kuwekwa katika chumba cha vigoda vya wazee, ili kila sikukuu jina lake litajwe na kumwagiwa kinywaji kama jina la mtu mwema. Mtawala aliyeshushwa kigodani kwa aibu hafanyiwi hivyo. Wao wanasema hakushushwa. Wana karatasi ya Mzungu, ina mhuri, inasema alijiuzulu kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Mimi nilikuwapo. Basi tulieni.

Mimi ni mfinyanzi, mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake pia. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili, mimi na kaka yangu Kwasi Ntori, tukagawana pua moja, pana, imekaa usoni kama chura juu ya jiwe. Watu walikuwa wakitutania kwamba siku ile Mungu aliishiwa udongo laini. Ntori alikuwa mpiga ngoma wa kundi la vijana. Ngoma zetu husema maneno, na ya Ntori ilikuwa na mdomo mchafu. Siku moja Dankyi alikuwa anapita chini ya mwavuli wake mkubwa, anatoka kwenye shamba lake la kakao ambalo sisi ndio tulikuwa tukililima bila hata asante. Ntori akapiga: *Mwenye mwavuli, kivuli ni cha nani? Mwenye mwavuli, kivuli ni cha nani?* Soko zima likacheka. Wachukuzi wa mwavuli wenyewe wakacheka hadi mwavuli ukayumba. Dankyi hakucheka.

Alikuwa mtu wa kondoo. Siku tatu kila wiki tulilima kwake. Asiyekwenda, atoe kondoo. Aliyekohoa barazani wakati yeye anasema, kondoo. Mjane aliyekataa kwenda kumfagilia chumba, kondoo wawili, na kufagia nako sote tulijua ni kufagia gani. Msitu wa bondeni, walikochimba udongo mama zetu, akawapa watu wa mbao, wakauzungushia nyaya. Nikawa naiba udongo wa mama yangu mwenyewe, naubeba chini ya majani ya magimbi kama mwizi wa kuku.

Vijana wakaona waandike barua kwa Bwana DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Malalamiko yote yakaandikwa, kila mtu akatia dole gumba. Ntori alitia la kwanza. Nikamwambia, "Kaka, kwa nini wewe uwe juu? Jifiche katikati huko."

Akasema, "Dada, umeona wapi ngoma ikifuata wachezaji?"

Akaipeleka mwenyewe, mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Sasa sikia alichofanya yule Mzungu. Aliisoma barua. Akaandika chini yake kwa wino mwekundu: *Apelekewe mtawala, atoe maelezo.* Akaikunja, akamkabidhi tarishi wa Dankyi. Mbuzi wameshtaki kwamba chui anawala, na hakimu kamwandikia chui: haya hapa majina yao na vidole vyao, rafiki yangu, unasemaje? Sikusoma shule, herufi hizi nimejifunza uzeeni, lakini hata kuku wangu asingefanya hivyo.

Dankyi alitoa maelezo. Aliwatuma watu wake wakamkamata Ntori sokoni, ngoma ikiwa bado begani. Gereza la Nana lilikuwa nyuma ya ua wake. Mle ndani kulikuwa na gogo lenye tundu, na mguu wa mtu hupitishwa katika tundu hilo kisha hupigiliwa chuma juu yake. Kila siku nilipeleka fufu na mchuzi wa mawese, na kila siku mlinzi alizidi kunenepa. Siku ya kumi na moja akanizuia mlangoni.

"Usilete tena."

"Kwa nini?"

"Kaka yako ametoroka. Kakimbilia upande wa Wafaransa."

"Na gogo?"

"Gogo lipo."

"Alitoroka na mguu au aliuacha?"

Mlinzi akafunga mlango. Mkewe alikuwa mteja wangu wa vyungu. Tulipokutana mtoni kuchota maji, hakuniangalia usoni, alisema na maji. Alisema wamemzika nyuma ya shimo la choo, hakuoshwa, hakuvishwa. Akanipa kofia nyekundu ya Ntori, ameifunga ndani ya jani la ndizi.

Jioni ile mpiga mbiu akapita: Ntori ni mtoro. Mtu aliye hai haliliwi. Atakayevaa nguo nyekundu kwa ajili yake, kondoo. Atakayenyoa nywele, kondoo. Atakayepiga ngoma, kondoo, na gogo juu yake.

Wewe unayesoma, labda kwenu maiti hulala tu. Kwetu maiti asiyeliliwa hana pa kwenda. Hapokelewi na waliotangulia, na huku harudi. Anasimama njiani kama mgeni aliyefungiwa milango yote miwili. Nikaapa kwamba sitamwacha Dankyi alale mpaka nimemlaza kaka yangu.

Nikamwendea Nana Agyeiwaa, Mama Mkuu wa mji. Mtawala wetu huteuliwa na mwanamke, na Dankyi alikuwa mpwa wake, yeye ndiye aliyemchagua. Nilimkuta anatafuna kokwa la kola.

"Nana, wewe ndiye uliyemkalisha. Mshushe."

"Shusha sauti kwanza, Birago."

"Nimekuja kukwambia ushushe mtu, nawe unaniambia nishushe sauti?"

Akatema kola. "Mjukuu wangu, nilichagua vibaya. Nilimtazama mama yake, sikumtazama yeye. Lakini wazee wanaogopa. Mtawala wetu hushushwa kwa kuvuliwa makubazi. Siku mguu wake mtupu ukigusa ardhi mbele ya watu, utawala umemwagika. Sasa huyu, miguu yake imo ndani ya makubazi, na makubazi yamo ndani ya karatasi ya Mzungu. Nani atamvua?"

Nikasema, "Makubazi huvuka, Nana."

"Ya kwako, ndiyo. Nenda kapike."

Sikupika. Nilichukua udongo. Sisi wafinyanzi wanawake tuna kazi moja ambayo si ya vyungu: mtu akifa, tunafinyanga kichwa chake kwa udongo, kikae kaburini wakati wa matanga. Hafinyangiwi mtu aliye hai, hata kwa mzaha. Ni kumwita kifo. Na sura hatuitoi kichwani tu. Maiti huketishwa, bakuli la maji likawekwa mbele yake, mfinyanzi akatazama uso ndani ya maji. Mimi maiti sikuwa naye. Basi nikajaza bakuli, nikainama, nikatazama uso wangu. Pua si ilikuwa ileile? Nikafinyanga kutoka kwenye maji yale, taya nikaikaza kidogo iwe ya kiume, kovu lake la nyusi nikalichora kwa ukucha. Nilipokichoma hakikupasuka popote. Nikakivika kofia nyekundu, nikakifunika kwa chungu kikubwa. Miaka miwili nilipika kando yake, na kila asubuhi nilimwambia, "Subiri, kaka. Miguu yake bado imo ndani."

Mwaka ule wakulima walipokataa kuuza kakao, nchi nzima ikachafuka, na wakubwa wa serikali wakaanza kukumbuka barua zetu. Bwana DC akaja Bepoase kusikiliza. Yuleyule wa wino mwekundu. Akawekewa meza na kitambaa. Kulia kwake Dankyi juu ya kigoda, amevaa dhahabu hadi viwiko, miguu ndani ya makubazi, msemaji wake kando na fimbo. Mtawala wetu hasemi na watu kwa mdomo wake. Hunong'ona, msemaji akatoa. Na macho ya Dankyi yalikuwa yameshaanza kufunga ukungu, ila alikuwa hataki mtu ajue. Alikuwa akimsalimia mbuzi kwa adabu akidhani ni mzee wa ukoo.

Mkalimani alikuwa Karani Asmah, mtu wa pwani, viatu vinang'aa. Alikuwa amelala nyumbani kwa Dankyi siku mbili, akila paja la kondoo. Kondoo wetu.

Watu wakasema mmojammoja. Zamu yangu ilipofika nilisema yote: shamba, msitu, wajane, barua, gogo, mguu, choo. Nilisema mpaka koo likakauka. Karani Asmah akamgeukia Mzungu, akasema maneno manne au matano, akanyamaza.

Nikamwambia, "Wewe Karani! Nimekupa mtungi mzima, mbona umemmiminia kijiko?"

Watu wakacheka. Asmah akasema, "Mama, Kiingereza ni lugha fupi."

"Ni fupi, au umeikata miguu ukaipitisha kwenye gogo?"

Bwana DC akauliza kinachochekesha. Sijui alijibiwa nini, naye akatabasamu. Nilitamani kumrushia chungu. Kisha akauliza, huyo Ntori yuko wapi? Dankyi akanong'ona, msemaji akatoa: yuko hai, upande wa Wafaransa, ana mke huko, ananenepa. Mzungu akaandika. Halafu akatoa hukumu yake, nayo Asmah aliitafsiri vizuri sana, neno kwa neno, maana ilikuwa tamu kwa mwenyeji wake. Serikali haiwezi kumtafuta mtu katika nchi ya Wafaransa. Mtawala aliyewekwa kwa mila ataondolewa kwa mila, si kwa kelele za vijana na wanawake. Je, wazee wana kosa lolote la mila la kulitaja?

Wazee wakatazama vidole vyao vya miguu. Nana Agyeiwaa akatazama vyake.

Bwana DC akaanza kufunga kalamu yake.

Nikainuka. Nilikuwa na kapu langu, juu nimefunika majani ya magimbi, kila mtu alidhani ni mzigo wa soko. Askari akasema, "Mama, kaa chini." Nikasema, "Kaa wewe, una miguu mibaya." Nikaenda hadi mbele ya kigoda, nikaondoa majani, nikaweka kichwa cha Ntori ardhini, hatua mbili kutoka magoti ya Dankyi, kofia nyekundu juu, uso umemwelekea.

Sitaki kujisifu. Mimi nilitaka jambo moja tu: watu wote wakione, na kwa kuwa hakifinyangwi kichwa cha mtu aliye hai, mji useme kwa sauti moja mbele ya Mzungu kwamba Ntori kafa. Nilikuwa sijafikiria mguu. Mguu Mungu aliniongezea.

Dankyi aliinama kwa macho yake ya ukungu. Akaona kofia. Akaona pua. Akaona kichwa cha mtu kimetoka ardhini kinamtazama. Akaruka kutoka kwenye kigoda akipiga kelele, kwa mdomo wake mwenyewe, bila msemaji, mji mzima unasikia:

"Nani kamfukua? Nani kamfukua huyu?"

Na alipokuwa anarudi nyuma, kubazi la kushoto likabaki lilipokuwa. Mguu wake ukatua kwenye vumbi. Mguu mtupu, mweupe kwa chini kama tumbo la samaki, mguu ambao haukuwahi kujua joto la ardhi tuliyomlimia.

Msemaji ndiye aliyesogea wa kwanza: aliilaza fimbo yake chini, akaondoka kando ya kigoda. Wazee wakanyanyua macho. Nana Agyeiwaa akaja taratibu, mgongo umepinda, akapiga goti mbele ya mpwa wake kama mtu anayetaka kumsalimu, akamvua lile kubazi la kulia, akasimama, akampiga nalo kichwani.

"Mimi niliyekuketisha, nimekuinua. Umemzika mtu wetu kama mbwa, na mdomo wako umekiri."

Ukaja mvumo wa watu kama mvua inayokuja juu ya msitu. Wanaume wanne wakamshika, wakamketisha chini kwa makalio, wakamwinua, wakamketisha, mara tatu, kama tunavyofanya sisi. Nikasogea nimpige na mimi. Nana Agyeiwaa akanizuia kwa mkono.

"Birago, wewe si wa ukoo wa kigoda. Kaa."

Mpaka leo kiganja kinaniwasha. Lakini kubazi la kushoto lilikuwa limelala pale vumbini, hakuna anayelitazama. Nikalitia kapuni, nikalifunika kwa majani ya magimbi. Nilikuwa na mazoea ya kuiba.

Bwana DC alikuwa amesimama, uso mwekundu, anauliza, "Nini? Nini hiki?" Maneno yaliyofuata Karani Asmah mwenyewe alinisimulia miaka mingi baadaye, alipokuja kununua mtungi, viatu having'ai tena. Alisema alikuwa anatokwa jasho, amekula kondoo wa mtu ambaye sasa si mtawala, hakujua aseme nini.

Akasema, "Ameshuka, Bwana."

"Ameshuka kigodani? Kuna aliyemsukuma?"

"Hapana, Bwana. Kwa miguu yake mwenyewe."

Wala hakusema uongo, ndiyo maana bado namchukia. Bwana DC akafurahi. Akaandika pale pale kwamba mtawala wa Bepoase amejiuzulu kwa hiari yake, kwa sababu ya ugonjwa wa macho, na serikali inamshukuru kwa utumishi wake. Ikawa hakuna kesi, hakuna gogo, hakuna choo, na hakuna mtu wa kuuliza ni nani aliyeirudisha barua yetu. Wino wa safari hii ulikuwa mweusi.

Tulimfukua Ntori kesho yake. Nilimwosha mwenyewe, hata palipokuwa hapaosheki. Tulinyoa, tukavaa nyekundu, tukapiga ngoma siku nane, na kila aliyeishika ngoma alipiga yale maneno ya mwavuli. Kichwa chake kiko kaburini hadi leo. Mpaka hapo kaka yangu alilala.

Mimi sikulala. Serikali ilimpa Dankyi nyumba ya bati katika mji wa stesheni, akaishi huko miaka kumi na tisa, anakula, anaitwa Nana na watoto wa majirani wasiojua. Kila mwaka, siku aliyokufa Ntori, nilifinyanga chungu, nikakitoboa kitako, nikapanda lori nikaenda kukiweka mlangoni pake. Chungu kilichotobolewa hakina kazi ila ya maiti. Mwaka wa saba au wa nane alikuwa amekaa barazani, kipofu kabisa sasa, akasikia udongo unagusa sakafu.

"Birago."

"Ndiye."

"Hujachoka tu?"

"Udongo haujaisha."

Kisha akasema, "Nirudishie kubazi langu. Nikifa nitakwendaje kwa wazee wangu na mguu mmoja mtupu?"

Nikamwambia, "Utakwenda kama kaka yangu alivyokwenda. Yeye alikwenda bila hata kuoshwa."

Nilipeleka vyungu kumi na tisa. Cha mwisho kilitanguliwa na matanga yake.

Sasa mmeelewa kwa nini wajukuu zake wanamtuma Mwalimu Amoateng kwangu na daftari. Karatasi ya Mzungu wanayo, kubazi la kulia wanalo, la kushoto hawana. Wakilipata watayaweka yote mawili pamoja, jozi safi, na watawaambia watoto wenu: tazameni, hakuna kilichomvuka. Kisha watapaka kigoda masizi, na Dankyi atamwagiwa kinywaji katika mji ambao Ntori alimwagiwa uchafu.

Mwalimu, usikate hata mstari. Mahali walipoandika *alijiuzulu*, andika *alikanyaga chini*, na jina la Kwasi Ntori litangulie la Dankyi, maana ngoma haifuati.

Na wewe unayesoma, usifunge kitabu useme pole bibi, pole yako sina pa kuiweka. Wamesema kigoda kitapakwa masizi siku ya sikukuu ya viazi vikuu. Njoo. Huhitaji kuleta kitu. Watakapokitoa kile kigoda nje, vua viatu vyako, ukanyage vumbi kwa nguvu mara tatu, uulize kwa sauti: kivuli ni cha nani? Nitakuwa mstari wa mbele, na kubazi nitakuwa nalo mkononi. Safari hii Nana Agyeiwaa hayupo wa kunizuia.